Somo la Dada Lililokataa Kufunguka

Sauti ya dada yangu ilipoanza kukatika, alikuwa akifundisha baiolojia katika sekondari moja ya ufukweni mwa ziwa, mbele kidogo ya Liuli. Mwanzoni tulidhani ni vumbi la chaki. Alikunywa tangawizi, akaacha kuimba kanisani, hali ikawa ile ile. Daktari alipomwambia kwamba ana uvimbe kooni na upasuaji utaondoka na sauti, alinipigia simu Mbinga mjini, nilikokuwa na kiduka cha kutengeneza kompyuta na tovuti.

"Mdogo wangu," alisema kwa mkwaruzo, "nataka unirekodi masomo yangu kabla sijawa bubu."

Tulirekodi likizo nzima nyumbani kwetu Mapera, chumbani kwa mama, tumeziba dirisha kwa blanketi ili majogoo wasisikike. Alifundisha moyo, figo, jicho, akisimama kila mara kumeza maji. Kisha nikajenga programu ya mtandaoni. Mwanafunzi anaingia kwa jina lake, anabonyeza picha ya mada, dada anaanza kuongea. Mwishoni kuna maswali, na majibu yanamfikia dada kwenye simu yake. Hilo alilipenda kuliko yote.

"Hata nikinyamaza," alisema, "nitajua nani hajaelewa figo."

Alirudi kutoka hospitali Dar es Salaam akiwa na kitambaa shingoni, kimefunika tundu analopumulia. Akitaka kusema neno, aliliandika kwenye simu akakuonyesha.

Mtandao wa kule ziwani haukuweza kubeba video. Siku ya kwanza, picha ya dada ilifungua mdomo ikaganda hivyo hivyo, kiduara kinazunguka usoni pake. Wanafunzi wawili watatu walicheka. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yao.

Nikapata wazo. Majina na maswali ni vitu vyepesi, vinapita hata mtandao ukiwa dhaifu. Video ndizo nzito. Basi nitazinakili kwenye kila kompyuta ya shule, na mwanafunzi akibonyeza picha, programu imwelekeze kwenye faili lililomo humo humo kwenye kompyuta yake. Nilijaribu dukani, likafunguka. Nikashuka ziwani na flashi mfukoni, nikamwamkia mwalimu mkuu, nikashinda kwenye chumba cha kompyuta nikinakili.

Dada alimwita binti mmoja wa kidato cha nne aanze. Akabonyeza picha ya moyo. Kimya. Akabonyeza tena, akanitazama.

"Haifunguki, kaka."

Nilifungua mahali ambapo kivinjari huandika malalamiko yake. Kilikuwa kimeandika kwamba ukurasa huu hauruhusiwi kufungua faili la ndani ya kompyuta. Kule dukani ilikubali kwa sababu ukurasa wenyewe niliufungua kutoka kwenye kompyuta yangu, si kutoka mtandaoni.

Dada alininyooshea simu: *Kwa nini?*

"Ukurasa uliotoka mtandaoni haukubaliwi kugusa mafaili ya mtu," nilimwambia. "Wakiruhusu, tovuti yoyote ya mwizi itaingia kwenye kompyuta yako."

Akaandika, akafuta, akaandika tena: *Kwa hiyo inawakinga na mimi.*

Nilijaribu vivinjari vingine, nikabadilisha mipangilio, nikauliza mafundi wenzangu kwa simu. Vyote vilikataa, na vilikuwa na haki ya kukataa. Jioni nikakubali kushindwa. Niliziweka video kwenye folda, nikaiacha kwenye skrini ya mwanzo ya kila kompyuta ili mwanafunzi aifungue mwenyewe, bila kupitia kwenye programu. Dada akaongea, moyo ukaeleweka chumba kizima. Lakini sasa hakukuwa na majina wala maswali, na hakuna jibu lililofika kwenye simu yake. *Wameelewa?* aliniuliza siku ile na siku nyingine nyingi. Sikuweza kujua.

Muhula uliofuata kompyuta zilianza kusumbua. Fundi aliyeitwa akazisafisha zote na kuziwekea mfumo upya, na folda ikafutika. Niliposhuka tena na flashi, nilimkuta mwalimu mpya wa baiolojia, kijana mwenye adabu na sauti kubwa inayosikika mpaka nje. Dada alikuwa amehamishiwa maktaba. Aliitazama flashi, akatikisa kichwa. Kwenye simu aliandika neno moja: *Zima.*

Nikaizima programu usiku huo huo. Hakuna aliyepiga simu kuuliza.

Siku hizi dada ameiacha shule, yuko Mapera, anachuma kahawa na mama. Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani nahamisha mafaili ya zamani, nikagusa moja, na sauti yake ikatoka, na mkwaruzo wake wa likizo ile: "Haya, tuanze." Mama alikuwa jikoni. Aliitikia kwa Kimatengo, kwa nguvu, akatoka mbio na mikono yenye unga, uso wake umechangamka jinsi ambavyo sikuwa nimeuona kwa muda mrefu. Akaiona kompyuta. Akamwona dada kizingitini na kikapu cha kahawa, mdomo umefungwa.

Niliizima. Dada aliweka kikapu chini, akachukua beseni, akaenda kuanza kumenya mihogo ya chakula cha jioni.