Wembe Ahama kwa Kaka Yake

Alikuwa msusi, na ulimi wake ndio uliompa jina la Wembe. Miguu ilipooza akiwa mtoto. Alisuka akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, mteja ameketi mkekani mbele yake, na mteja aliyetikisa kichwa alipigwa kitana cha utosi. Walilalamika, wakarudi.

Tangu wazazi wafariki aliishi kwa kaka yake, na pale nyumbani hakuna aliyemwita Wembe. Wifi yake alimwita "mgonjwa." Mgonjwa ameshakula? Mgonjwa asikae kwenye baridi. Hakuwa ameugua hata mafua, lakini kila alipotaka kutoka kaka mtu alisema, "Utaangushwa huko, watu waseme nimekutupa." Hata nyuzi za kusukia alinunuliwa na wifi, na kila mara zilikuwa za rangi asiyoitaka.

Siku moja walitarajiwa wageni wa upande wa kijana aliyetaka kumwoa binti wa kaka yake. Wembe alimsuka binti huyo tangu asubuhi. Alipomaliza, wifi akamsaidia kupanda kitandani anyooshe mgongo, kisha akakisukuma kiti nje.

"Wifi, kiti changu unakipeleka wapi?"

"Stoo. Pumzika tu, wageni wakiondoka nitakuletea."

"Stoo kuna nini?"

Wifi akarudi mlangoni, akanong'ona, "Usinielewe vibaya. Watu wakikuona watadhani ni ugonjwa wa ukoo. Unataka kumharibia mtoto?"

Akaurudisha mlango. Wembe aliwasikia wageni wakiingia, wakicheka, wakivutiwa viti. Akamsikia mmoja akiuliza kama bwana ana ndugu wengine. Na kaka yake, kwa sauti ileile aliyomjulia nayo hali kila asubuhi, akajibu, "Hapana. Nimebaki peke yangu."

Wembe akajishusha sakafuni. Alitambaa kwa mikono, korido nzima, gauni likizoa vumbi, mpaka katikati ya sebule. Akaishika meza ya vinywaji ajiinue, glasi zikalia.

"Hamjambo," alisema. "Mimi ndiye dada yake ambaye hayupo. Nywele za bibi harusi wenu nimezisuka mimi. Naomba mtu anitolee kiti changu stoo, wamekifungia na magunia ya mkaa."

Hakuna aliyesogea. Kaka yake mishipa ya shingo ilimsimama. "Unatuaibisha!"

"Mimi nimekuja kusalimia tu. Aibu mmeikaribisha wenyewe."

Binti ndiye aliyekwenda kukileta kiti. Alikisukuma kwa nguvu kikamgonga Wembe bega. "Haya shangazi, umefurahi?"

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Kesho yake alihama.

Alipata chumba kwenye nyumba ya wapangaji, ua mmoja, bomba moja. Mwenye nyumba alimkubali akidhani atakuja na mtu wa kumhudumia. Alipogundua yuko peke yake alikuja juu. "Ukifia humo ndani, nani atajua?"

"Utajua kwa harufu," Wembe akamjibu.

Tatizo lilikuwa lango. Lilikuwa na ngazi, na kila alipotaka kutoka ilibidi aombe wa kumbeba. Jirani mmoja mwenye pikipiki alimwambia waziwazi, "Dada, mimi si kuli." Basi Wembe akamwita mwashi, akamjengea mteremko wa saruji ubavuni mwa ngazi. Saruji ilipokauka alitoka mwenyewe, akaenda sokoni mwenyewe, akagombania bei ya nyuzi mwenyewe. Alirudi viganja vimechubuka, kitambaa cha kichwa kimeibwa, na furaha imemjaa hadi akakosa usingizi.

Mwenye nyumba akaja na nyundo. "Nani kakuruhusu kuharibu nyumba yangu?"

Wembe akateremka mpaka katikati ya mteremko, akafunga breki. "Piga. Nipo hapa."

Wapangaji walitoka kutazama. Mama mmoja, ndoo mkononi, akasema kwa sauti ya kusikika, "Watu hawa ukiwapa chumba wanataka na mtaa." Mwenye nyumba akaupiga ukingo, vipande vya saruji vikarukia magurudumu. Wembe alifunika macho lakini hakusogea. Yule bwana akaondoka akiapa kurudi na vijana wenye nguvu.

Kabla hajarudi, mwenye pikipiki alianza kuipandisha pikipiki yake kwenye mteremko kila jioni ilale uani. Hakuomba. Aliacha tope.

"Huo mteremko ni wangu, utaufagia," Wembe alimwambia.

"Kwani umeandikwa jina?"

Wakatukanana. Yule mama wa ndoo naye akaanza kupitisha pale mkokoteni wake wa madumu ya maji, bila salamu.

Mwenye nyumba aliporudi na vijana wake, mwenye pikipiki aliiegesha pikipiki katikati ya mteremko. "Ukivunja hii, pikipiki yangu italala sebuleni kwako." Yule mama aliwaporomoshea wale vijana matusi mpaka wakaanza kucheka, wakaweka nyundo chini. Hakuna hata mmoja aliyemtazama Wembe, na yeye hakuwashukuru. Kesho yake aligombana tena na mwenye pikipiki juu ya tope. Mteremko ulibaki.

Kule kwa kaka, uchumba haukuvunjika. Harusi ilifanyika, Wembe hakualikwa. Wiki chache baadaye kaka yake akasimama mlangoni pa chumba chake. Wembe alikuwa akisuka.

"Rudi nyumbani. Watu wananisema."

"Wanasema nini?"

"Eti nimemtupa mgonjwa."

"Waambie huna ndugu. Si ulishasema?"

Kaka mtu akachungulia ndani. "Hapa anakupikia nani?"

"Mimi."

"Na ukianguka?"

"Nimeshaanguka, kaka. Nikashika kitanda, nikainuka."

Alitafuta pa kukaa, hakuna kilichosogezwa. "Umekuwa na roho mbaya siku hizi."

"Nilikuwa nayo hata kwenu. Hamkuwa mnanisikiliza."

Akasimama pale mpaka mteja akaona haya na kuinamisha uso. Kisha akaondoka bila kuaga. Wembe aliendelea kusuka, ila msuko mmoja ulimwendea kombo, ikabidi aufumue na kuuanza upya.