Ile Si Katani

Katika umri wangu wote sijaona mtu wa kunichefua kama shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Naandika haya nikiwa na hasira, na sitajifanya sina.

Mume wangu alikuwa mtunza bustani kwenye kambi ya watalii. Siku moja alirudi nyumbani na vigogo vya yuka, mti wa mapambo wa bustanini, ndani ya gunia. Akavipanda mwisho wa shamba letu, kwenye changarawe karibu na korongo, viwe mpaka kati yetu na mdogo wake. Huku nje ya Mugumu mpaka ni mmea. Mmea ukiwa hai, mpaka upo.

Majirani wote waliziita yuka hizo katani, nami nilichoka kuwasahihisha. Katani imekaa chini, majani yake manene yanatoka ardhini, na ncha yake ikikuchoma utaikumbuka. Yuka inasimama juu ya shina, majani yake membamba unayashika bila kuumia. Tena katani hutoa mlingoti wa maua mara moja tu maishani, kisha inakufa. Yuka hutoa maua meupe yaliyoinama, mwakani yanatoka tena, na mti unaendelea kuishi.

Hilo la maua ndilo nusura linipokonye shamba.

Mume wangu alifariki, na hata turubai la msiba halijaondolewa, shemeji alikuwa ameshaanza kulitolea macho shamba langu upande wa korongo. Kiangazi kilipofika yuka zikachanua. Alikuja na panga, akazikata zote usawa wa magoti, vigogo akavitupa korongoni. Kesho yake ua wa miiba wa boma lake ulikuwa ndani ya shamba langu, na ng'ombe wake wanatafuna mihogo yangu. Nilianza kuung'oa ule ua kwa mikono.

"Shemeji, tulia," alisema. "Katani ikishachanua imekufa. Sasa mpaka uko wapi?"

Mbele ya mwenyekiti wa kitongoji alirudia hayo hayo, na wazee wakamkubalia, maana nani hapa hajui tabia ya katani? Nikasema ile si katani. Mzee mmoja akacheka.

"Yaani mwanamke wa Tarime ndiye atufundishe katani?"

Kweli nimetoka Turwa, kule Tarime. Lakini nimezaa hapa, nimezika mume hapa, na bado ni mgeni! Nikawageukia.

"Shikamoo nimewapa, wazee wangu. Sasa nisikilizeni. Visiki visiguswe. Jua liwake, mvua isinyeshe, mimi nisimwagilie. Vikifa, shamba achukue."

Walikubali upesi mno.

Niliviokota vigogo vyangu korongoni nikaviweka kivulini nyuma ya jiko, vidonda vikauke, maana ukivipanda vibichi vinaoza. Kila asubuhi nilikwenda kuangalia visiki, na niliogopa. Mchwa je? Shemeji alikuwa akinipita huku anapiga mluzi.

Halafu asubuhi moja, kwenye vumbi kavu kabisa, ubavuni mwa kisiki kukawa na machipukizi ya kijani. Nilimwita mwenyekiti na wale wazee. Shemeji akadai namwagilia kwa siri. Mwenyekiti akachota udongo pale pale, ukampeperuka mkononi.

"Amemwagilia nini hapa?" akamuuliza. "Ondoa ua wako."

Akauondoa. Kuomba radhi hakuomba, na yule mzee wa kucheka aliondoka bila kuniaga.

Vile vigogo nimevipanda mpakani kote, kutoka barabarani hadi korongoni. Vimeota vyote. Kila vikichanua nachukua simu nampigia.

"Shemeji, katani zimekufa tena. Njoo na panga."