Michembe Kwenye Baraza la Kinu

Jumamosi nimepita tena kwenye kinu cha kuchambulia pamba, kile cha njia ya Kishapu. Kimepakwa chokaa, kinang'aa kama meno ya bwana harusi. Nikanusa nikitafuta harufu ya michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Nikapata ya rangi. Rafiki yangu, hasira iliyonipanda pale haijashuka hadi naandika haya.

Nilipokuwa mdogo, wakati wa vita vikuu vya pili, kinu kile kilinguruma mchana kutwa. Bibi alikuwa mchaguaji: yeye na wenzake waliketi barazani wakitenga pamba safi na fifi, ile yenye madoa. Sisi watoto tuliruka kwenye lundo la mbegu, lenye joto kama ubavu wa ng'ombe, tukatoka weupe hadi nyusi. Mimi nilikwenda hivyo hivyo kwa jirani, nimeinama na kifimbo kama mzee wa mvi, nikimdai shikamoo. "Shikamoo yako utaipata makalioni!" alisema, na kweli niliipata.

Kisha mashine ikaharibika, tajiri akafunga, akaenda zake. Watu wakaanza kuyatazama mabati ya paa lake huku wakizifikiria nyumba zao. Hapo ndipo bibi na wenzake walipofanya ujanja. Baraza lile lilikuwa na sakafu ya saruji, ya pekee kijijini. Wakaleta viazi, wakamenya, wakakata, wakaanika michembe pale pale. Michembe ina mbuzi, ina kuku, ina wajukuu wezi kama mimi. Lazima mtu akae. Basi walikaa kwa zamu, wakiimba, wakifagia, wakimtukana kila aliyekuja na ngazi.

"Panda, mwanangu, ng'wana wane," bibi alimwambia mmoja. "Ukishuka utanikuta."

Hakupanda. Mvua zilipokuja waliingiza mtama chini ya paa, wakaendelea kukaa. Bibi alikuwa akituambia kinu kitaamka, na siku hiyo atarudi kuketi barazani, penye nguzo aliyozoea kuegemea, achague pamba.

Mwaka huu kikaamka kweli. Ushirika ukakinunua, nasi wanafunzi tukapangwa mstari kuwaimbia wageni siku ya ufunguzi. Bibi alitangulia asubuhi, amevaa kaniki mpya, kuuliza kazi yake. Akakuta michembe imefagiliwa nje, imechanganyika na mchanga.

"Mama, mayu, pita kule, wageni wanakuja," mlinzi alimwambia.

"Mgeni nani, baba? Hapa nafagia tangu wewe unanyonya."

"Wachaguaji wameshapatikana. Wametaka vijana."

Bibi akapiga magoti, akaanza kuokota michembe yake, kipande kimoja kimoja, akikipuliza. Wakati huo huo bwana mkubwa mmoja alisimama akatangaza kwamba wamelifufua gofu lisilokuwa na mwenyewe. Lisilokuwa na mwenyewe! Na mwenyewe yuko pale chini, miguuni pake, kanga ya kichwani imejaa vumbi! Tukaamriwa tupige makofi. Mimi nikaficha mikono kwapani. Mwalimu akanivuta sikio hadi nikadhani nitarudi nyumbani punda.

Siku hizi akina bibi wametawanyika, kila mmoja na jiwe lake la kuanikia nyuma ya nyumba. Zile nyimbo sizisikii tena. Hakuna anayeimba peke yake na kuku. Juzi mvua ikanyesha ghafla, michembe ya bibi ikaloa yote, ikaota ukungu. Bati moja tu lingetosha kuikinga. Nenda kinuni uyatazame mabati yale: yapo yote, hata moja halikuibwa.