Mzamiaji wa Ggaba

Miaka ile ya utawala wa jeshi, mzamiaji aliyesafisha bomba linalovuta maji ya mji kutoka ziwani pale Ggaba alikuwa na vidole vilivyokunjamana kama vya dobi, na alisema kwa sauti kubwa kwa sababu masikio yake yalikuwa yameziba. Kabla ya kutoka majini aliinua kichwa kidogo kutazama nani amesimama ufukoni. Akija kunywa chai kwenye banda langu, alizungumzia mwanga tu. Baharini, alikojifunzia kazi, mwanga wa jua hushuka mbali chini na kila kitu huwa cha bluu. Ziwani kila kitu huwa kijani, kisha giza. Hakusema anakutana na nini humo.

Siku moja alikuja Adong, mke wa polisi aliyechukuliwa nyumbani kwake na wanajeshi akiwa amevaa shati jekundu. Wanajeshi wawili walikuwa wakinywa chai benchi la pili.

"Ndugu," aliuliza polepole, karibu na sikio la mzamiaji, "shati nyekundu inaonekana kule chini?"

Sikujua kwamba mzamiaji anaweza kunong'ona. "Mama, nyekundu inapotea kwanza. Ukishuka kidogo tu, inakuwa nyeusi."

"Na nyeusi umeona?"

Mzamiaji aliweka kikombe mezani. "Nimeona nyingi."

Mwanajeshi mmoja akageuka. "Munaongea nini?"

"Habari ya jua, afande," mzamiaji akasema.

Adong akavua kitambaa cha kichwa, akajifunga kiunoni kama wafanyavyo waliofiwa, akaondoka mbele ya macho ya wanajeshi. Tulisubiri aitwe arudi. Hakuitwa.