Mashine ya Mshipi kwenye Ndoo ya Magadi

Karatu hakuna bahari. Nalisema hili mapema, maana mtu akisikia kwamba nilitumia karibu mwezi mzima nikichagua mashine ya kuvulia samaki wa maji chumvi, atadhani nilikuwa nakaa ufukoni. Nilikuwa nakaa chumba kimoja nyuma ya duka la magadi, kwenye baridi, mahali ambapo ukitaja samaki jirani anakuuliza kama umeishiwa.

Mimi ni mtu wa pwani. Nilipanda bara mwanzoni mwa miaka ya sabini kufuata biashara ya vitunguu. Vitunguu vikaoza, nikahamia magadi, kwa sababu magadi hayaozi. Yalikuja kwa lori kutoka ziwa Eyasi. Watu wa Qurus, kijiji cha jirani, walinunua ya kulainishia maharage na makande, na Wamasai walioteremka kutoka Ngorongoro walinunua ya ng'ombe na ya ugoro. Kila kopo nililipima mara mbili mbele ya mteja, ili yeye ajue sijampunja, na mimi nijue nimempunja kiasi gani. Huo ni utani. Nusu yake.

Kwa miaka tisa sikuwa nimerudi kwetu. Kila mwaka nilikuwa na sababu, na nilipozipanga zote pamoja zilikuwa nzuri sana, hata mimi mwenyewe zilinishawishi.

Ndipo barua ya baba ikafika, kwa mwandiko wa dada yangu. Baba alikuwa mvuvi wa mshipi wa mkono, mtu wa kukaa kwenye miamba na ndoana moja na subira. Alisema vidole vitatu vya mkono wake wa kushoto havikunjiki tena, mshipi unamponyoka. Alikuwa amewaona wazungu wakivua palepale kwa kimashine kinachosokota mshipi, mtu anazungusha mkono tu. “Nasikia huko uliko walowezi wanaondoka na kuuza mali zao. Nitafutie kimoja. Kiwe chepesi, nikibebe kwa kiganja. Kisile kutu. Ukikikosa, basi mimi nitakuwa mtu wa kununua samaki.”

Kununua samaki! Kwetu, mzee wa aina yake akisema hivyo anakuaga.

Nilikwenda Oldeani, kwenye shamba moja la kahawa ambalo mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Alibaki mpishi wake, mzee wa Kiiraqw, akilinda nyumba na vitu alivyoachiwa. Alinitolea sanduku la bati. Ndani, kati ya soksi na makopo ya tumbaku, zilikuwamo mashine mbili.

“Mzee, hizi ni nini?” nikauliza, maana mnunuzi anayejua anachokinunua hulipa mara mbili.

“Za kusokotea sufu.”

“Bwana alikuwa anasokota sufu?”

“Bwana alikuwa anakwenda nazo Mombasa, anarudi amefurahi. Sikumwuliza zaidi.” Akanitazama kwa jicho moja. “Lakini wewe unajua ni nini, Mswahili. Umezishika kama mtu anayeshika kuku wa mwenzake.”

Nikakiri kwamba ni za samaki.

“Aa! Yale manyoka ya majini.” Akaifuta mikono kwenye suruali. “Basi ziondoke zote mbili. Sitaki ibaki hata moja ndani ya nyumba.”

Alitaka magunia matatu ya magadi. Nikampa moja. Akaanza kufunga sanduku. Nikasema moja na nusu, akafunga kufuli. Tukaishia mawili. Nilipokuwa naondoka alinisindikiza hadi kwenye miti ya kahawa, akauliza za nani hasa. Nikamwambia za baba yangu.

“Na wewe utampelekea mwenyewe?”

“Nitamtumia kwa lori.”

“Ehe,” akasema. Mtu ukimshinda bei huwa anakulipiza kwa njia hiyo.

Nyumbani nikaziweka kwenye mizani. Ya kwanza ilikuwa ya shaba iliyopakwa nikeli, kubwa, na ililizidi jiwe langu la nusu kilo. Ya pili ilikuwa ndogo, ya madini yale yale ya sufuria, na jiwe la robo kilo liliishinda. Zote zilikuwa na bobini iliyolala kwa kukingama, kama ya cherehani, na mshipi unatoka moja kwa moja mbele. Mkono wa ile ndogo ukizunguka mara moja, bobini inazunguka mara nne na zaidi kidogo. Ya shaba, mara tatu. Nilihesabu, nikapumzika, nikahesabu tena.

Nilitafuta mwanzi, nikaufungia mashine, na mwisho wa mshipi nati ya gurudumu la lori badala ya risasi ya kuuzamisha, nikaenda uwanja wa mpira. Mrusho wa kwanza, nati ilikwenda hatua sita, bobini ikaendelea kukimbia peke yake, na mshipi wote ukafumuka ukawa kiota cha ndege. Nilikaa chini kukifumua. Mzee wa Kimasai aliyekuwa akivusha ng'ombe wake akasimama kwa mguu mmoja, akategemea fimbo.

“Rafiki, umekamata nini?”

“Bado.”

“Ni mnyama gani anakaa hapo kwenye majani?”

“Nati.”

Akafikiri. “Ng'ombe wangu asije akaila hiyo kamba. Akiila, utanilipa mwingine, na mimi nitakula huyo uliyemkamata.”

Alikaa nami hadi nikajua siri ya mashine: kidole gumba kilalie bobini, kiibane pale tu nati inapokaribia kugusa chini. Mashine ya aina hii haisamehe mvivu. Ile ya shaba ilinipa hatua thelathini na moja. Ile ndogo, hatua arobaini na nne, na kiganja changu kiliimeza kama yai. Nilihesabu kwenda na nikahesabu kurudi. Ningefunga mjadala siku ile ile, nikaituma ile ndogo, baba akavua, na hadithi hii isingekuwapo.

Lakini barua ilisema kisile kutu. Na mimi, bidhaa sijaijaribu siinunui, na hata nikishainunua naijaribu. Nilitaka kuona maji chumvi yatazifanya nini. Chumvi ya mezani wakati ule ilikuwa adimu, tulikuwa tukiipanga foleni kama mahindi ya msaada. Magadi nilikuwa nayo magunia kumi na saba. Chumvi ni chumvi, nikajiambia. Tena magadi ni makali zaidi. Itakayoyashinda haya, bahari itakuwa ni kunawa uso.

Nikayakoroga kwenye ndoo ya plastiki, nikazitumbukiza zote mbili, nikafunika na gunia. Siku saba.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini usimtumie baba zote mbili, achague mwenyewe? Nilikuwa nimeshapanga. Itakayoshindwa ningeiuza Arusha kwa mtu asiyeuliza maswali.

Siku ya saba nikazitoa. Ya shaba ilitoka inang'aa kama imeoga. Ile ndogo ilitoka nyeusi, imetoboka-toboka kama mkate, na mkono wake ulizunguka nusu, ukaganda. Nilisikitika, lakini nilijiona mwerevu pia. Nilijua nimemwepusha baba na hasara. Nikaifunga ya shaba kwenye gunia dogo, nikampa dereva wa lori anayekwenda hadi pwani, nikaambatanisha na barua ya kurasa mbili kueleza jinsi nilivyoijaribu.

Nilikuwa nakula kwa mama mmoja mwenye hoteli ya mbao karibu na stendi. Mtu asiye na jiko hula kwa watu, na watu wakifunga analala na njaa. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote hiyo. Mchana mmoja nikamkuta anasugua sufuria kwa mchanga na hasira.

“Shemeji, tazama hili. Binti nimemwambia makande apikie chungu, yeye kaweka magadi kwenye sufuria jipya. Tazama lilivyoliwa.”

Lilikuwa jeusi. Limetoboka-toboka.

“Magadi yanakula sufuria?” nikauliza.

Akaacha kusugua. Wateja wawili waliokuwa wanakula wakaacha kutafuna.

“Unauza magadi miaka mingapi?”

“Minane.”

“Na hujui?”

“Mimi huyauza. Siyapiki.”

“Jamani,” akawaambia wale wateja, “huyu mtu hajawahi kuwa na jikoni.” Wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa kuwa ndiyo ilikuwa zamu yangu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Chumvi ya mezani haifanyi hivi, shemeji. Hiyo tunapikia kila siku kwenye masufuria kama hili, na hayatoboki.”

Sikumaliza chakula. Nilirudi chumbani, nikaichukua ile mashine ndogo kutoka chini ya kitanda. Nikaipaka mafuta ya taa, nikaipaka samli, nikaisugua kwa majivu. Haikuzunguka. Kila mwanamke wa Qurus aliyewahi kununua kwangu kopo moja la magadi alikuwa anajua jambo hili. Kama ningekuwa na mtu wa kumwuliza ndani ya nyumba, angenicheka mara moja, na ile ndoo ingetumika kufulia nguo.

Jibu la baba lilichukua wiki sita.

“Mashine imefika. Skrubu zimo kumi na mbili, nimezihesabu mara mbili. Kutu haina. Ni nzito. Mkono wa kushoto huishika kwa muda mfupi, kisha huiweka chini bila kuniuliza. Wa kulia unazungusha vizuri sana. Kwa hiyo inataka watu wawili, mmoja wa kushika na mmoja wa kuzungusha. Mimi nitakuwa wa kuzungusha.”

Hakusema wa kushika ni nani. Dada yangu ana watoto na shamba. Nilizitafuta zile sababu zangu nzuri, nikazipanga tena, na mara hii hazikufika hata tatu.

Nilikwenda. Njia ilikuwa siku tatu, na huko nikakaa siku nane. Asubuhi tulikaa kwenye miamba yake, mimi nimeshika mwanzi na ile mashine ya shaba, yeye amekaa kulia kwangu anazungusha. Mabega yetu yaligusana kwa sababu haikuwezekana vinginevyo. Tulizungumza kidogo. Tulipata samaki watano, wote changu. Yeye alisema sita, kwa kuwa alimhesabu na yule aliyekata mshipi.

Siku ya sita nilimwonyesha ile nyeusi. Akailaza kwenye kiganja cha kushoto, pale pale pasipokunjika. Ilikaa sawasawa.

“Ndiyo hii,” akasema. Kisha akanirudishia.

Siku ya mwisho nilikata mti wenye panda, nikaukaza kwenye ufa wa mwamba kwa mawe na kamba, mwanzi ukalala juu yake bila kushikwa. Nikauvuta mara mbili kuhakikisha. Baba akazungusha, ikakubali. Akaupapasa ule mti kuanzia chini hadi juu.

“Umeniachia huyu badala yako.”

“Ni imara, baba.”

“Naona. Na hali chakula kingi.” Akaendelea kuzungusha ingawa hakukuwa na kitu mwisho wa mshipi. “Mgeni mzuri.”

Nilirudi Karatu na samaki wakavu watatu aliofungasha dada yangu. Nilimpelekea mama wa hoteli mmoja. Akashukuru kwa adabu, akamweka mbali na vyombo. Niliwala wawili peke yangu, nyuma ya duka, mlango umefungwa, maana majirani walilalamikia harufu.

Ile mashine nyeusi niliitundika juu ya mizani. Mteja akisita, akisema magadi ya mwaka huu ni dhaifu, namwonyesha: tazama, haya yamekula chuma cha mzungu kwa siku saba. Anaigusa, anatikisa kichwa, ananunua. Nimeuza magunia mengi kwa namna hiyo. Wote huniuliza magadi yalifanyaje kuitoboa vile. Ilikuwa ya kazi gani, hakuna anayeuliza.