Printa Niliyoinyamazisha

Kila adhuhuri, sisi tukiwa msikitini, kompyuta ya ofisi yetu ya Chake Chake ilijiendesha yenyewe. Ilinakili kumbukumbu za vizazi na vifo kwenye diski ya pili, na printa ikatapika kila ilichofanya: faili hili limenakiliwa, na hili limenakiliwa, ukurasa baada ya ukurasa. Bi mkubwa wa masjala, mwenyeji wa Wawi, akizisoma zote kwa rula, mstari kwa mstari, kisha akitia saini.

Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kompyuta, na nilikuwa na kiburi cha mtu aliyesomea Unguja. Zogo lile lilinikera. Nikamwambia mashine iliyo nzima haina haja ya kusema.

"Mwanangu," akasema, "mtu hakatizwi salamu. Atakwambia salama, salama, na mgonjwa wake humtaja mwisho."

Nikacheka. Ndivyo tulivyo Pemba, lakini salamu na mashine wapi na wapi? Ningeweza kuzima habari njema tu na kuacha makosa yachapwe. Ni kuongeza neno moja katika amri. Nilikuwa na haraka, nikazima vyote. Printa ikanyamaza, nami nikajisifu wiki nzima.

Diski ya pili ikajaa. Programu ililalamika kila siku, na malalamiko hayakumfikia mtu. Kompyuta ilipokufa tukafungua nakala, tukakuta watoto wote waliozaliwa miezi miwili ya mwisho hawamo.

Mkuu wa ofisi akatuita wafanyakazi wote, akauliza nani mwenye dhamana ya kukagua karatasi za kila siku.

"Mimi," akasema Bi mkubwa.

Hakusema kwamba karatasi hazikuwapo. Nilikuwa nimesimama karibu yake kiasi cha kusikia harufu ya udi katika buibui lake, na sikufungua mdomo. Nilikuwa na kazi mpya na mke mpya; hizo ndizo sababu zangu, na ni duni. Akaondolewa masjala mwaka mmoja kabla ya kustaafu, na watu wakasema amezeeka, kazi imemshinda.

Ilinichukua miaka kwenda Wawi. Nilimkuta anapepeta mpunga uani, nikamweleza yote, macho yangu chini.

"Nlijua tangu siku ile," akasema, ungo haukusimama. "Nlikuwa nakungoja useme mbele ya wale watu. Sasa mkuu mwenyewe keshakufa, utamwambia nani?"