Matokeo ya Bi Sponji

Karakana ya Bi Sponji ni chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la rangi. Ndani mna cherehani ya vitambaa vizito, meza ya kukatia, magunia ya mabaki ya sponji yaliyompa jina, na siku zote kochi moja lililovuliwa nguo, mbao na springi nje, likisubiri kuvishwa upya. Kazi hiyo ameifanya tangu ujana. Akipitisha vidole juu ya kiti kilichokwisha kufungwa, hugundua mahali gundi ilipoganda chini ya kitambaa. Vidole hivyohivyo ndivyo vilivyogundua, asubuhi moja akioga, kitu kigumu kama kunde ndani ya titi lake la kushoto.

Hakupiga kelele. Alijikausha, akaenda kazini, akamaliza viti vya ukumbi mmoja wa mikutano. Jioni akampigia kaka yake mkubwa, kwa sababu katika familia yao kila jambo zito hupitia kwa kaka mkubwa: posa, msiba, kesi ya kiwanja, hata jino la kung'oa. Kaka ni msimamizi wa ghala la vipuri katika mji mwingine. Alikuja kesho yake, shati limepigwa pasi, akampeleka mdogo wake hospitali.

Pale mapokezi karani aliuliza na kaka akajibu. Jina, akajibu. Umri, akajibu, akakosea kwa miaka miwili, na Bi Sponji akanyamaza.

"Namba ya simu ya mgonjwa?"

"Andika yangu," kaka alisema. "Huyu mdogo wangu anashinda kwenye kelele za mashine. Ukimpigia, simu inalia mpaka inachoka."

Alisema kwa upole, na alichosema kilikuwa kweli. Bi Sponji alikuwa ameketi hatua chache nyuma yake, mkoba mapajani, kama mtoto anayeandikishwa shule. Alichomwa sindano, wakavuta walichovuta, na muuguzi akasema majibu yakitoka watapiga simu.

Kilichofuata ni kungoja. Alilala na kungoja, akakata vitambaa na kungoja. Kila mara alipozungumza na kaka aliuliza wamepiga au bado.

"Bado," kaka alijibu. "Watu wa maabara unawajua, mambo yao taratibu kama wanapika mawe. Lakini wakikaa kimya ujue hakuna neno. Halafu shule zimefungwa, Chiriku ananisumbua anataka kuja kukaa na shangazi yake."

Chiriku ni binti wa mwisho wa kaka, mwenye umri wa miaka minane. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu hana breki mdomoni. Alishuka kwenye basi na begi la mgongoni na maswali. Kwa nini kochi lina tumbo? Nani aliyekalia hili mpaka likabonyea hivi? Bi Sponji, ambaye hakuzaa na ambaye huishi peke yake katika vyumba viwili mtaa wa pili, alifurahi. Alidhani amepata mtu wa kumpotezea mawazo.

Lakini mtoto alikuwa na vituko. Shangazi akiinama kushika robota la kitambaa, Chiriku alirukia upande wa pili na kulikumbatia. Shangazi akiingia chooni, Chiriku alisimama mlangoni akiita, "Bado upo?" Na Seremala, jirani wa karakana anayemtengenezea fremu, ghafla akawa mtu wa msaada. Kila kochi lilipotaka kugeuzwa alitokea, akaligeuza, akaondoka akipiga mluzi.

Jambo lenyewe lilitoka wakati wa chai. Chiriku alikuwa amekaa juu ya gunia la sponji, mkate mkononi, miguu inaning'inia.

"Shangazi, ukifa, hii cherehani atachukua nani?"

"Nani amekwambia nakufa?"

"Hakuna." Mtoto aliziba mdomo kwa mkono wenye mkate, kisha akaongea kupitia mkate huo. "Baba alisema nisikuulize."

"Usiniulize nini?"

"Kuhusu titi."

Bi Sponji aliiweka chini bunduki ya stepla. Akaomba aelezwe taratibu, na Chiriku, ambaye hakuwahi kuombwa jambo rahisi kuliko hilo, akaeleza. Hospitali walimpigia baba. Mama akaenda kulia jikoni. Baba akampigia baba mdogo na shangazi mkubwa, wakaongea mpaka simu ikapata moto. Wakakubaliana kwamba shangazi Sponji asiambiwe kwanza, atashtuka, yuko peke yake. Baba atakuja na shangazi mkubwa kumwambia vizuri uso kwa uso, shangazi mkubwa akirudi kutoka safari. Kwa sasa aende Chiriku.

"Uje ufanye nini?"

"Nisikuache peke yako. Nisikuache ubebe kitu. Ukianguka nimwite fundi seremala, ana namba ya baba."

"Na hospitali walipiga lini?"

Chiriku alifikiri. "Kabla hatujafanya mtihani."

Mtihani, kusahihisha, kufunga shule, na sasa likizo imekwisha nusu. Siku zote hizo yeye alikuwa anapiga stepla hapa, na katika nyumba nyingine watu walikuwa wanamlilia. Walikaa kikao juu ya mwili wake, wakagawana kazi, na mjumbe waliyemtuma alikuwa bado ana meno mawili ya mbele hayajamaliza kuota. Hasira ilimpanda Bi Sponji polepole, ikatulia kifuani, na wanaomfahamu wanasema hapo ndipo anapotisha, kwa sababu sauti yake hushuka.

Alivuka kwenda kwa Seremala.

"Fundi, kaka yangu amekupigia simu?"

Seremala aliendelea kupiga randa. "Bi Sponji, mimi mtu wa mbao. Simu ni mambo ya watu wa ofisini."

"Nimekuuliza."

Randa ikasimama. "Alisema nikae karibu tu. Basi."

"Ndiyo maana unaninyanyulia makochi bure? Wewe, ambaye ukiombwa msumari unauliza utarudi lini?"

"Nilidhani umefurahi."

"Nilidhani umepata akili. Kumbe unanisaidia kama anayebeba maiti."

Bi Sponji alimwachia mtoto, akaenda kusimama nyuma ya duka la rangi kati ya makopo matupu, akapiga simu. Kaka alipokea akicheka, akauliza Chiriku anasumbua au vipi.

"Hospitali walikwambia nini?"

"Nani kasema?"

"Mimi nauliza, wewe unauliza. Tuanze na la kwangu."

"Dada, sikiliza. Mambo haya hayasemwi kwenye simu. Nilikuwa nakukinga."

"Na nini? Nimekuuliza kila wiki. Kila wiki ukaniambia bado. Umenidanganya hivihivi, mtu na akili zako."

"Usinipandishie sauti. Mimi kaka yako."

"Sijapandisha. Kaka ni wewe, sawa. Titi ni langu."

Kaka alisema hilo si neno la kumwambia mkubwa. Akasema daktari alitaka mgonjwa arudi haraka, kipimo kirudiwe, amwone daktari bingwa, na mtu mzima akisikia hivyo anajua kinachofuata. Akasema hakulala. Bi Sponji alijibu kwamba yeye alilala vizuri sana, ahsante, na kwamba hilo ndilo hatamsamehe. Akakata simu.

Aliporudi, Chiriku alikuwa amevaa begi mgongoni.

"Naenda nyumbani. Nimesema na nilikatazwa. Baba atanichapa."

Bi Sponji alikiri baadaye kwamba kwa muda mfupi aliona hilo ni wazo zuri: amtie mtoto kwenye basi, amrudishe kama mzigo usiokidhi oda. Lakini mtoto alikuwa anatetemeka mdomo.

"Vua begi," alisema. "Katika ukoo mzima ni wewe tu niliyekuuliza ukanijibu. Atakayekugusa aje anione mimi."

"Sasa utakufa?"

"Sijui. Baba yako ndiye anayejua kila kitu. Akija muulize."

Asubuhi walikwenda hospitali wote wawili, maana watu wa kumwachia mtoto wote Bi Sponji alikuwa haongei nao. Karani alikuwa yuleyule. Alifungua faili, akasoma, akashangaa.

"Mbona mlishapigiwa? Hapa imeandikwa, mgonjwa amejulishwa."

"Mgonjwa ni mimi, na sijajulishwa."

"Subiri basi nimpigie mwenye namba tuhakikishe." Na kweli akanyanyua simu, akaanza kubonyeza.

Bi Sponji aliweka kiganja juu ya mashine ya simu. "Mama, unataka kumpigia mtu aliye mji mwingine umuulize kama mimi niko mbele yako?"

Kwenye benchi mtu alicheka, mwingine akasema, "Muulize na kama amekunywa chai." Karani alirudisha mkono wa simu mahali pake. Bi Sponji akataja namba yake, tarakimu moja moja, akamtaka azisome kwa sauti, na ile ya zamani aikate kwa kalamu yeye akiona.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya mtu aliyekesha. Alisoma, akakunja uso.

"Majibu hayakusema kansa," alisema. "Hayakusema chochote. Sampuli ilikuwa ndogo, haikutosha kusomwa. Tulimwambia ndugu yako urudi haraka turudie."

"Haikutosha."

"Haikutosha. Lakini tumepoteza muda, na kama ni kitu kibaya, muda ndio tuliokuwa tunauhitaji. Sikufichi."

Kwa hiyo ndugu zake walikuwa wamemlilia kansa ambayo hakuna aliyeiona, na kwa kilio hicho wakamzuia kujua kama ipo. Bi Sponji alimwomba daktari arudie neno lake la mwisho, lile la kutomficha, kwa kuwa alikuwa hajazoea kuambiwa. Kisha akavua blauzi. Chiriku alikaa nje kwenye benchi akiwa ameshikilia mkoba wa shangazi, akimsimulia mzee mmoja asiyemfahamu habari zote za titi hilo.

Siku za kungoja mara hii zilikuwa za namna nyingine. Hofu ilikuwepo, kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa ilikuwa na maelezo. Alikosea kukata kitambaa cha mteja, jambo ambalo halijawahi kumtokea. Alimfundisha Chiriku kung'oa pini kuukuu kwenye fremu kwa koleo, na mtoto akang'oa kwa bidii ya ajabu huku akiuliza kama uvimbe unauma, kama una rangi, kama ukitolewa utawekwa wapi. Bi Sponji alijibu alilolijua. Simu aliiweka juu ya meza ya kukatia, na cherehani aliizima kila alipohisi imelia. Kaka alipiga mara kadhaa. Hakupokea.

Hivyo kaka akaja mwenyewe, siku ya kumchukua mtoto, na mfuko wa matunda. Aliingia karakana akatafuta mahali pa kukaa, akakuta makochi yote hayana pa kukalia. Akabaki amesimama.

"Tuongee kama watu wazima," alisema.

"Mtu mzima unayemtaka nani? Shangazi mkubwa amerudi safari?"

"Unanisimanga mbele ya mtoto."

"Mtoto anajua zaidi yangu. Mlimtuma."

Chiriku aliacha koleo. "Baba, shangazi anasema nikuulize wewe kama atakufa."

Kaka aliuweka chini mfuko wa matunda. Kabla hajajibu, simu ililia mezani. Namba ya hospitali. Kaka alinyoosha mkono. Yeye mwenyewe baadaye alisema hakukusudia, ulikwenda tu. Bi Sponji aliuangalia mkono ule mpaka ukarudi. Akaichukua simu, akatoka nje.

Alisikiliza akiwa amesimama kati ya mbao za Seremala. Daktari kijana alisema si kansa. Ni uvimbe wa kawaida, lakini ni wa aina inayokua, kwa hiyo utolewe, na mapema ni bora. Akauliza siku gani inamfaa. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo kuhusu jambo kubwa, na Bi Sponji alichukua muda kulijibu. Akachagua siku, akashukuru, akakaa juu ya rundo la mbao. Alilia kidogo, akajifuta kwa aproni yenye vumbi la sponji, akapiga chafya. Hakuharakisha kuingia. Kupitia mlango aliwaona wale wawili wakimtazama, na kwa muda huo wote habari ilikuwa yake peke yake.

Aliwaambia aliporudi, kwa maneno yaleyale ya daktari, bila kuongeza wala kupunguza. Chiriku alimrukia shingoni. Kaka alishika kichwa, akacheka, macho yakamlowa.

"Umeona sasa? Si nilikwambia hakuna neno?"

"Ulinidanganya," alisema Bi Sponji. "Imetokea tu ikawa hivyo."

Kaka alisema siku ya upasuaji atakuja, azungumze na madaktari.

"Njoo. Utakaa benchi. Wakiita ndugu wa mgonjwa, kaa hapohapo."

Alikubali kwa kichwa, akatoa simu mfukoni, kidole kikaanza kutafuta. "Basi niwajulishe wenzetu, wanangoja..."

"Hapana," alisema Bi Sponji. "Nitawapigia mwenyewe, nikiwa na nafasi."

Jina la shangazi mkubwa lilikuwa tayari kwenye kioo. Kaka aliliangalia, akaizima simu, akairudisha mfukoni.